Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo Mombasa: anza na kasha

Kijana wa jirani yangu hapa Tudor alinijia na kompyuta aliyoinunua mjini, dogo kama boksi la viatu vya mtoto, na furaha tele usoni. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa nzuri, ramu (kumbukumbu ya kazi) GB 16, bei haikuwa mbaya. Alitaka nimwambie anunue kadi gani ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ili acheze EA FC na GTA V. Nikaifungua mbele yake, nikamwonyesha: hakuna pa kuichomeka. Ilikuwa ile aina ndogo kabisa, ya kufungwa nyuma ya monita kwenye kaunta ya benki au hoteli. Kwa barua na hesabu, mashine safi. Kwa gemu, njia imeishia hapo hapo.

Ndiyo maana naanza na kasha. Wengi huanza kwa kuulizia kadi, kisha hutafuta mashine ya kuitia, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kasha na pawa saplai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani, ndivyo vinavyoamua kadi ipi itakaa, na mwakani utaweza kuongeza nini. Neno moja la tahadhari kabla hujaingia dukani: hapa mjini muuzaji akisema "CPU" mara nyingi ana maana ya kasha zima. Ukiwa unataka prosesa, sema prosesa, la sivyo mtazungumza nusu saa bila kuelewana.

Hatua ya kwanza: gemu zako na kioo chako

Andika gemu tatu unazozicheza kweli, si zile unazozitazama wengine wakicheza. Valorant, CS2, eFootball na GTA V haziombi mashine ya kutisha. GTA V imekuwa kwenye kompyuta tangu 2015. Kwa hizo, lengo ni picha yenye ukali wa 1080p kwa fremu 60, yaani picha 60, kila sekunde. Monita nyingi za ofisi zilizotumika haziwezi kuonyesha zaidi ya fremu 60, kwa hiyo kununua kadi ya kutoa fremu 140 juu yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Geuza monita utazame nyuma. Nyingi za mtumba zina tundu la picha la VGA, lile la zamani, na pengine DisplayPort, la kisasa, na kadi za NVIDIA kuanzia GTX 1050 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Utahitaji adapta yenye chipu ndani yake, au utumie DisplayPort moja kwa moja. Ukiamua kutumia televisheni ya sebuleni, ingia kwenye mipangilio uwashe modi ya gemu, la sivyo utabonyeza shuti na mpira uende baadaye.

Hatua ya pili: nunua kasha refu

Kwa mtu mwenye shilingi elfu arobaini au hamsini, njia ninayoiamini ni kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, zile zinazoitwa ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zimejaa kwenye maduka ya katikati ya mji, Moi Avenue, Digo Road na vichochoro vyake. Yangu ilinitoka shilingi 46,500 bila monita mwaka 2024: kasha 19,000, kadi iliyotumika 17,000, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) 5,000, ramu ya kuongeza 3,500, na zilizobaki zikaenda kwenye adapta, pesti ya joto na nauli. Usiende na bei hizo dukani kama mkataba. Tangu mwisho wa 2025 ramu imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya akili bandia, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutafuta kasha ambalo tayari lina ramu ya kutosha.

Mashine hizi huja kwa maumbo matatu. Kuna refu, la kusimama, lenye nafasi ya kadi ya kawaida. Kuna jembamba, linalopokea kadi za nusu kimo pekee. Hizo zipo, lakini ni chache, ghali kuliko ndugu zake warefu, na ndani ya kasha hilo hupata joto. Halafu ndiyo lile dogo la kijana wa jirani. Jina la modeli linaweza kuwa moja kwa maumbo yote matatu. OptiPlex 7050 ipo refu, ipo nyembamba, ipo ndogo. Kwa hiyo ukinunua kwa simu usiridhike na "ni 7050 hiyo", omba picha ya kasha likiwa limesimama na kitu kando yake, hata chupa ya maji.

Sasa prosesa. Kwenye Intel soma tarakimu baada ya alama ya kistari: i5-4590 ni kizazi cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane, kuanzia cha kumi unasoma tarakimu mbili. Kizazi cha nne kiache hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwani ramu yake ni DDR3, aina ya zamani, na hutaihamishia popote. Cha sita na cha saba vina kori nne (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) kwenye i5, na bado vinafanya kazi. Tatizo lao ni Windows: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inadai kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ya mashine. Valorant ikiwa juu ya Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwasha, na isipovipata haifunguki. Mchezaji wa Valorant, kwa hiyo, ajikaze afike kizazi cha nane. i5-8500 ina kori sita na tofauti utaiona.

Kuna mtego hapa ambao hata mafundi hunaswa. Soketi ya kizazi cha sita na saba inafanana na ya cha nane na tisa, zote huitwa LGA1151. Prosesa inaingia vizuri kabisa. Mashine haiwaki. Madabodi, yaani ubao mkuu, ya OptiPlex 7050 itakubali i7-7700, haitakubali i5-8500, hata fundi aape kwa mama yake.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa picha ya Windows na kuambiwa "iko sawa, bosi". Iwashe mwenyewe. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Ikiomba neno la siri, mrudishie. Mashine hizi zilitoka kwenye maofisi, na BIOS iliyofungwa itakuzuia kubadilisha mambo utakayoyahitaji. Tazama tarehe. Ikiwa imerudi miaka nyuma, betri ya CR2032 imekufa, jambo dogo, lakini lipunguze kwenye bei. Beba flashi yenye CrystalDiskInfo uone afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Kisha geuza kasha, piga tochi ya simu kwenye skrubu na soketi za nyuma. Kutu nyekundu au ukungu wa kijani kwenye shaba maana yake mashine imekaa karibu na bahari bila kutunzwa, na ndani kuna mengine.

Hatua ya tatu: ramu na SSD

Hapa si pa kukaa sana. Ramu GB 16, vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa kuwa viwili husoma kwa njia mbili sambamba na gemu nyingi hunufaika. Hakikisha ni DDR4 ya kompyuta ya mezani. Ya laptopu ni fupi na haitaingia. SSD ya SATA inasoma kama MB 550 kwa sekunde, diski ya kuzunguka hupigania 150. Haitaongeza fremu, ila gemu itafunguka kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Ile diski ya zamani iache ndani ihifadhi picha na muziki.

Hatua ya nne: hesabu wati kabla ya kadi

Sloti ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 mwisho. Kadi inayotaka zaidi lazima iletewe waya kutoka kwenye pawa saplai: waya wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina waya huo kabisa. Pawa saplai yake ni ya wati 240 au 250, na Dell na HP huzitengeneza kwa umbo lao wenyewe, bila ile soketi ya pini 24 iliyozoeleka. Huwezi kununua yoyote rafuni ukaipachika; utahitaji adapta ya waya, na wakati mwingine nafasi ya skrubu hailingani.

Basi kwa kasha la ofisi, tafuta kadi zinazoishi kwa wati 75 za sloti. GTX 1050 Ti ya 2016 ndiyo mlango wa kuingilia, GB 4. GTX 1650 ya 2019, pia GB 4, ndiyo niliyonayo na ndiyo ninayoipendekeza ukinunua iliyotumika, ila chagua toleo lisilo na tundu la waya, maana yapo yanayolidai. Ukiwa na uwezo wa kununua mpya, RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 inatumia wati 70 na inazishinda zote mbili. RX 6400 huonekana rahisi, lakini ina njia nne tu za mawasiliano na madabodi, na mashine hizi za zamani zinatumia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia hizo, kwa hiyo inapoteza sehemu ya nguvu zake. Usidanganyike na bei.

Utaonyeshwa pia RX 580. Ni kadi yenye nguvu, na bei yake huvutia, lakini inataka wati 185 hivi. Nyingi zilitoka kwenye mashamba ya kuchimba sarafu za kidijitali, yaliyofungwa sarafu ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake Septemba 2022. Kadi ya shamba si lazima iwe mbovu. Lakini ukiambiwa "kuna waya wa kubadilisha SATA iwe pini 6, tia tu", toka dukani. Kichwa cha umeme cha SATA, kile cha kulisha diski, kimepimwa kwa wati 54 kwenye volti 12. Ukikivutisha 75, plastiki huyeyuka.

Kuhusu kadi bandia nina kovu langu. Kadi yangu ya kwanza niliinunua kama GTX 1050 Ti, boksi jipya, kibandiko king'aavu. Windows iliitambua kwa jina hilo hilo. GTA V ikawa inakwenda kama slaidi za harusi. Kumbe ndani mlikuwa na chipu ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, mtu ameibadilishia jina. Dawa ni programu ya bure, GPU-Z, ambayo tangu 2018 inaweza kuzitambua nyingi za aina hiyo na kuandika FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye ile flashi yako. Na hata kabla ya kuwasha: ukiona tundu la VGA la buluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, shuku.

Kama kadi inatoka Nairobi kwa basi, mwambie muuzaji arekodi video ya GPU-Z ikiwa wazi na namba ya kadi ikionekana, na akiandike kipindi cha kurudisha kwenye ujumbe. Muuzaji wa kweli hakasiriki.

Mwisho, rula. Pima kwa sentimita kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele, kisha ulinganishe na urefu wa kadi. Pima na unene: nyingi hukalia nafasi mbili.

Na ukitaka mpya

Kwa mwenye kuanzia elfu sabini hivi na subira, ipo njia nyingine: Ryzen 5 5600G, madabodi ya B550 au A520, ramu vipande viwili, SSD, na pawa saplai nzuri. Prosesa hiyo ina grafiki yake ndani, ya kutosha kwa Valorant na eFootball, kwa hiyo unacheza huku ukidunduliza kadi. Usibane pawa saplai. Nilifungua moja iliyoandikwa "500W" ubavuni, nyepesi kama mkate wa mofa. Kwenye jedwali lake dogo, mstari wa volti 12 ulisema ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati zake, nyingine ni wino.

Hatua ya tano: kufunga

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Hewa yetu yenye unyevu haikuzi umeme tuli kama hewa kavu ya bara, lakini kugusa ni bure.

Ondoa vibati vya nyuma vinavyolingana na sloti ndefu iliyo karibu na prosesa. Fungua kile kikulabu cha mwisho wa sloti, shika kadi kwa kingo, isukume sawasawa hadi kikulabu kilie, kisha kaza skrubu. Ramu pia hulia pande zote mbili. Ikilia upande mmoja haijaingia. Na ramu ikikataa kusoma, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa, jaribu tena. Pwani hiyo ndiyo dawa ya nusu ya mashine "zilizokufa".

Chomeka monita kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Natamani nisiandike hili. Nimeshaitwa hadi Mikindani, jua la mchana, matatu mbili, kwa sababu kadi mpya "haifanyi kitu", na waya ulikuwa bado pale ulipokuwa tangu zamani.

Draiva, programu ya kuiendesha kadi, ipakue kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe. Ni mamia ya MB, kwa hiyo tafuta mahali penye WiFi kabla bando halijalia.

Hatua ya sita: joto, chumvi na stima

Miongozo mingi imeandikwa na watu wenye chumba cha nyuzi 20. Kaskazi ikikaa, Januari hadi Machi, chumba changu mchana huwa 32, na nyuzi hizo 12 za ziada zinapanda moja kwa moja juu ya prosesa na kadi. Kwanza badilisha pesti ya joto iliyo chini ya feni ya prosesa. Kwenye mashine ya mtumba imekauka ikawa kama chokaa. Pangusa ya zamani kwa spiriti safi, weka tone la ukubwa wa punje ya kunde, rudisha feni. Kisha funga fremu zisizidi 60 kwenye mipangilio ya gemu. Kadi ikiwa haikimbilii fremu usizoziona, inapoa, feni inanyamaza na bili inashuka.

Kasha lisikae sakafuni, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya siku ya kupiga deki. Lisitazame moja kwa moja dirisha la upande wa bahari. Lisifunikwe leso likiwa limewaka, na hapa ongea na mama kwa heshima, maana kwake yeye chombo kisichofunikwa ni chombo kisichotunzwa. Mwambie lifunikwe likishapoa. Kila miezi mitatu lifungue, puliza vumbi kwa bloa huku ukizuia feni zisizunguke kwa kidole. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji na chumvi, na chumvi tunayo ya kutosha. Ukisafiri mwezi mzima, mwachie mtu aiwashe mara moja kwa wiki. Mashine iliyopata joto hukausha unyevu wake, iliyolala gizani huota kutu.

Stima yetu ni volti 240, lakini shida haiji inapokatika, huja inaporudi. Kifaa kile kile kinacholinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, kinafaa pia kwa kompyuta. UPS ndogo, ile betri ya dharura, haitakumalizia mechi, itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Kuhusu matumizi: mashine inayovuta wati 180 kwa saa nne kila siku inakula uniti 0.72, kama uniti 21.6 kwa mwezi. Waonyeshe hesabu hiyo wanaonunua tokeni kabla hawajakuuliza.

Hatua ya saba: kujua cha kubadilisha baadaye

Gemu ikianza kuchechemea, usikimbilie duka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua Task Manager kando ya gemu. Kadi ikiwa asilimia 99 na prosesa imepumzika, kadi ndiyo mwisho wako. Prosesa ikiwa 100 na kadi inasinzia kwenye 60, kadi mpya haitakusaidia hata ya laki. Ukibaki na shaka, shusha picha kutoka 1080p hadi 720p: fremu zikipanda sana, kosa ni la kadi, zikibaki pale pale, ni prosesa au ramu. Badilisha kitu kimoja, cheza nacho wiki mbili, ndipo ufikirie kingine. Kile cha zamani kiuze mapema, kikiwa bado kina mnunuzi.

Na ukishafunga kila kitu, usijaribu mashine usiku kwenye upepo mzuri. Ijaribu saa nane mchana, gemu nzito kuliko zote ulizonazo, saa nzima bila kusimama, HWiNFO ikirekodi joto. Kadi ikipita nyuzi 85, au prosesa ikikaribia 100 na kasi kuporomoka, zima, rudi kwenye pesti na feni. Ikizimika ghafla yenyewe, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Fanya hivyo siku ile ile ya kununua, risiti ikiwa bado mfukoni na muuzaji bado anakumbuka sura yako.